Mwongozo kamili: jinsi ya kuomba serikali iendeleze eneo lenu la hija, barua isiishie kwenye faili

Wadau, hili swali la kwa nini barua ya kuomba maendeleo ya eneo la hija haijibiwi sasa limekuwa la kila wiki. Kamati ya kituo cha hija inaandika barua nzuri tu, lugha ya heshima, muhuri upo, inapelekwa halmashauri alafu kimya. Mwaka unapita. Wanaandika nyingine ileile wanabadilisha tarehe, kimya tena, mwisho wanaanza kusema mkurugenzi hatupendi kwa sababu si dhehebu letu.

Nimesoma barua za hivo nyingi na karibu zote zinakufa kwa ugonjwa mmoja. Zinaiomba serikali kitu ambacho haina ruhusa ya kukifanya, wakati pembeni kuna vitu vitano sita ambavyo ni kazi yake kabisa na hakuna aliyeviomba.

Natumia mfumo wa Tanzania Bara maana ndo ninaoujua nje ndani. Wa Kenya nimewawekea maneno yenu mawili matatu, msipite.

## Andaeni hivi kwanza

- Karatasi za umiliki wa ardhi ya eneo, au angalau muhtasari wa kijiji unaoonyesha mlipewa lini na mipaka iko wapi
- Cheti cha bodi ya wadhamini ya taasisi yenu ya dini (zile zinazosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini)
- Daftari la wageni, na hesabu ya mahujaji ya msimu mmoja angalau
- Ramani ya kuchora kwa mkono, inatosha kabisa, ikionyesha barabara kuu, njia ya kuingilia, chanzo cha maji, zahanati ya karibu na nguzo ya umeme ya mwisho
- Picha za matatizo: daraja lililokatika, foleni ya maji, choo kilichojaa. Picha za askofu akibariki wekeni kwenye albamu ya parokia
- Watu wasiozidi watano wa kufuatilia, mmoja wao awe mtu asiye wa dini yenu, sababu nitaieleza mbele

Hela ya kuanzia haihitajiki nyingi. Nauli, kuchapa, vocha. Inayotakiwa sana ni uvumilivu wa miezi kama kumi na minane.

## Hatua ya 1: Gawanyeni ya ibada na ya njia

Chukueni daftari, pigeni mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andikeni kila kitu kinachohusu ibada yenyewe: altare, msalaba wa juu kilimani, sanamu, vituo vya njia ya msalaba, mimbari, kuba, vipaza sauti, nyumba ya mapadre, posho ya sheikh. Kulia andikeni kila kitu ambacho hata mtu asiye na dini angekihitaji akifika hapo: barabara, maji, umeme, vyoo, huduma ya kwanza, ulinzi, mabango ya njiani, sehemu ya kupaki mabasi.

Upande wa kushoto ni wenu na waumini wenu, mtachangishana. Barua ya serikali inabeba upande wa kulia peke yake.

Sababu ipo kwenye Katiba. Ibara ya 19(2) inasema shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini zitakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Afisa mipango akiona "tunaomba msaada wa kujenga kikanisa cha hija" hata kama na yeye ni muumini mwenzenu wa kukaa kiti cha mbele, hana kifungu cha kuandikia hiyo hela, na mkaguzi akija atamuuliza yeye sio ninyi. Akiona "ombi la matengenezo ya sehemu korofi kwenye barabara ya kilomita saba kutoka stendi hadi kitongoji cha juu" anajua moja kwa moja ampelekee nani.

Angalieni Kibeho kule Rwanda. Wasichana wa shule walianza kusema wanatokewa na Bikira Maria tarehe 28 Novemba 1981, na Kanisa likachunguza hadi likatoa tamko la kuyatambua matokeo hayo mwaka 2001. Hiyo yote ilikuwa kazi ya askofu. Lami ya kutoka Huye kwenda Kibeho ilikuwa kazi ya serikali. Namugongo nchini Uganda, eneo la hija ya Mashahidi wa Uganda, ni hivohivo, Wakatoliki wana eneo lao na Waanglikana lao, lakini 3 Juni ni sikukuu ya taifa zima, na polisi, madaktari na maji vinapangwa kama jambo la nchi. Ndugu zetu wa Kagera wanaovuka mpaka wa Mutukula kila mwaka watakwambia.

Wa Kenya: sheria ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa majimbo ya ubunge) inakataza kabisa fedha za mfuko kusaidia mashirika au shughuli za dini, kwa hiyo huu mstari wa katikati kwenu ni mnene zaidi. Ombeni barabara na maji ya wakazi wa eneo, hapo hamgombani na mtu.

Mkifanikiwa hapa: mtu wa dini nyingine anasoma orodha ya kulia na anasema "hata sisi tunataka hiyo".

## Hatua ya 2: Ardhi, kabla hamjamwalika mkubwa yeyote

Hapa ndo kamati nyingi zinajidanganya. "Eneo ni letu tangu enzi za mababu." Sawa, karatasi iko wapi?

Kama ni ardhi ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na mnahitaji uamuzi wa kijiji ulioandikwa, sio mzee mmoja kusema niliwapa. Kama ni kilima ndani ya msitu wa hifadhi basi mwenye nyumba ni TFS (wakala wa misitu wa serikali) au halmashauri, na kukata hata mti mmoja wa kupanua njia bila kibali ni kesi. Ikiwa hati ina jina la padre au imamu binafsi (ipo sana hiyo) hamisheni kwenda kwa wadhamini sasa hivi, kabla barabara haijaja, kwa sababu barabara ikishakuja bei ya kiwanja inapanda na warithi wanafufuka.

Alafu kuna magofu. Kama eneo lenu lina jengo la zamani, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na ya baada ya hapo yanaweza kutangazwa na waziri. Watu wanasikia "kutangazwa" wanashangilia, wanadhani ni hela. Ni ulinzi, na ulinzi una masharti: baada ya hapo hampaki rangi, hamvunji ukuta, hambadilishi paa bila ruhusa. Mi nimewahi kuona kamati iliyotaka eneo litangazwe na hapohapo inapanga kubomoa sakristia ya zamani ijengwe ya vigae. Chagueni moja.

Onyo: ulizeni kwa upole kama kuna ukoo unaotambikia hapohapo. Vilima na miti mikubwa haviwi vitakatifu kwa dini moja tu. Mkiwaruka hao wazee, watasimama kwenye mkutano wa kijiji siku mbaya kuliko zote. Mkiwafuata mapema kwa heshima, mkakubaliana njia yao ya kupita na siku zao, wanakuwa mashahidi wenu wa kwanza.

## Hatua ya 3: Hesabuni mahujaji

Kaeni hapa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, kwa sababu hii ndo inayotofautisha barua inayofanyiwa kazi na barua ya kusifiwa tu.

"Maelfu kwa maelfu ya waumini hufurika" haina maana kwa mhandisi. Yeye anataka magari mangapi, siku zipi, mazito au mepesi. Mtu wa maji anataka watu wangapi wanalala, maana anayelala anaoga na anayekuja na kuondoka anakunywa tu. Mganga mkuu anataka kujua wangapi walizidiwa na jua.

Njia rahisi ambayo nimeiona ikifanya kazi:

1. Fungeni njia zote za kuingia ibaki moja, au wekeni watu kila njia. Hesabuni wanaoingia tu. Ukihesabu na wanaotoka, mtu aliyetoka kununua maji anakuwa watu watatu.
2. Kijana mmoja ana chupa na punje za mahindi. Kila wakipita watu kumi, punje moja ndani. Kila saa anabadilisha chupa na kuiandika saa. Jioni mnahesabu punje na kuzidisha kwa kumi. Simu zinaisha chaji, mahindi hayaishi.
3. Kijana wa pili anaandika magari kwa aina: basi kubwa, kosta, noah, pikapu, bodaboda. Mistari mitano mitano kama ya kuhesabia kura.
4. Kijana wa tatu anamsimamisha kila mtu wa ishirini na kumuuliza maswali matatu tu: umetoka mkoa gani, umelala wapi jana, umetumia kama shilingi ngapi tangu ufike hapa. Kila wa ishirini, namkazia, kwa sababu ukimwachia achague mwenyewe atawauliza anaowajua na wote watakuwa wa parokia ya jirani.
5. Wanaokuja usiku kwa miguu wahesabiwe pia, weka zamu. Hao ndo wengi na ndo wanaosahaulika.

Siku za kawaida daftari la wageni linatosha: tarehe, anatoka wapi, wako wangapi. Msiulize dhehebu, haiwasaidii na inawaudhi watu.

Namba ikitoka ndogo, acheni iwe ndogo. Kuna kamati niliikuta imeandika mahujaji 3,000 kwenye barua ya maji na 12,000 kwenye barua ya barabara, kila mtu aliongeza kidogo kwa nia njema, barua zote mbili zikaja kukutana mezani kwa afisa mipango mmoja. Hakusema kitu. Aliziweka pamoja kwa pini na kuzirudisha kwenye faili, na mpaka leo wakiingia ile ofisi wanaangaliwa kwa jicho lile.

Mkifanikiwa: mna karatasi moja yenye namba sita au saba, na mtu yeyote wa kamati akiulizwa usiku wa manane anataja zilezile.

## Hatua ya 4: Lianzie kijijini

Watu wanapenda kuanzia juu, kwa waziri, kwa mkuu wa mkoa, kwa mbunge aliyekuja kwenye jubilei. Mkubwa atasema "nimelisikia, nitalifanyia kazi", mtapiga makofi, atapanda gari. Kule alikoenda watamuuliza hilo liko kwenye mpango wa kijiji gani? Haliko. Limekufa.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na wajumbe wake ni wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea. Nendeni kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wiki kadhaa kabla, ombeni iwe ajenda. Siku hiyo asisimame padre wala sheikh kuwasilisha. Asimame yule mjumbe wenu asiye wa dini yenu, awe mama ntilie, awe mwenye bodaboda, aseme msimu wa hija uliopita aliuza nini na barabara ilimkwamisha wapi. Mkitaka kujua kwa nini nilisema mwekeni kwenye kamati, ndo hapa.

Muhtasari uandikwe siku hiyohiyo, mahudhurio yaambatanishwe, mwenyekiti na mtendaji wasaini, muhuri upigwe. Chukueni nakala tatu. Kutoka hapo linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata anakokaa mheshimiwa diwani, kisha halmashauri.

## Hatua ya 5: Kalenda

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mtu anayepeleka ombi Mei akitegemea hela ya Julai amechelewa mno, bajeti hiyo tayari iko bungeni Dodoma. Hesabuni kurudi nyuma hivi: mkutano wa kijiji uwe Agosti au Septemba, kata iwe imeshamaliza Oktoba, maana kawaida mwongozo wa bajeti ukishatoka wataalam wa halmashauri wanaanza kukusanya na kupunguza, na baraza la madiwani linapitisha mwanzoni mwa mwaka. Baada ya hapo mtu wa kuongeza kitu ni wa kutafuta kwa tochi.

Kwa Kenya, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unapelekwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, kwa hiyo sogezeni kila kitu nyuma zaidi.

## Hatua ya 6: Kila ofisi na barua yake

Barua moja ndefu inayoomba barabara na maji na umeme na vyoo haina mwenyewe. Kila anayeisoma anaona sehemu kubwa haimhusu. Gawanyeni, ukurasa mmoja mmoja.

Barabara. Kwanza ulizeni ofisi ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) ya wilaya kama hiyo barabara ipo kwenye mtandao wao. Kama haipo, ombi la kwanza ni kuisajili, na hilo peke yake linaweza kula mwaka. Kama ni barabara ya mkoa basi ni TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), hamjakosea dini mmekosea mlango tu. Msiombe lami. Ombeni makalavati mawili na changarawe pale mlimani ambapo mabasi yanakwama, mkipata hayo mwakani mnaomba mengine.

Maji. RUWASA, wakala wa maji, kwa vijijini. Ombeni kituo cha kuchotea maji nje ya uzio wa eneo, kwenye ardhi ya kijiji, ambapo wakazi watachota mwaka mzima. Mkisisitiza kiwe ndani ya uzio mmekirudisha kwenye safu ya kushoto ya daftari.

Vyoo. Hivi navyo, vya umma kwenye stendi au sehemu ya kupaki ni vya halmashauri, vya ndani ni vyenu. Chimbeni vyenu mapema, afisa afya akija akute mmeshaanza. Serikali inapenda kukuta nguvu za wananchi zimefika kwenye lenta.

Umeme. TANESCO wilaya, mkiambatanisha ile ramani yenye nguzo ya mwisho.

Kila barua ipite masijala. Mpate tarehe, mpate kumbukumbu namba, mwenye kupokea asaini kwenye daftari lenu la kupelekea barua. Mi kosa hili nimelifanya mwenyewe: nilimkabidhi mkubwa mmoja bahasha mkononi kwenye sherehe, akampa dereva, dereva akaiweka kwenye dashibodi. Miezi mitano nafuatilia barua ambayo haikuwahi kuingia ofisi yoyote, na kila ofisi ilikuwa inaniambia ukweli mtupu, hatujaiona.

## Hatua ya 7: Sehemu ya utalii yenyewe

Neno "utalii" linawafanya watu waote hoteli. Hujaji wetu wa kawaida anakuja na mkeka, chapati mbili na chupa ya maji, analala nje akisali, asubuhi anaondoka. Pesa haikai. Afisa utalii wa halmashauri anajua hilo, kwa hiyo mkienda kwake na hoja ya "wageni wengi" tu atatikisa kichwa basi.

Swali la kujibu ni kitu gani kitamfanya alale siku ya pili. Bagamoyo wana jibu zuri. Mtu anakuja kwa ajili ya misheni ya Kikatoliki ya mwaka 1868, lakini akishafika kuna makumbusho hapohapo, kuna mnara wa kanisa la zamani ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874 kabla haujavushwa kwenda Zanzibar, kuna mji mkongwe, na kilomita chache tu kuna magofu ya Kaole yenye misikiti na makaburi ambayo Waislamu nao wana habari nayo. Dini mbili, siku mbili, na samaki wa kukaanga katikati. Ninyi mna nini ndani ya mwendo wa saa moja? Maporomoko, soko la mnada, kahawa, ziwa? Andikeni njia moja yenye vituo vitatu na mtu wa kuongoza kila kituo, mpelekeeni huyo afisa, ombeni mabango na iingizwe kwenye orodha ya vivutio vya wilaya. Hayo ni maombi madogo na yanakubalika haraka kuliko barabara.

Upande wa mtaji, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu) inakopeshwa kwa vikundi vilivyosajiliwa na haina riba. Kikundi cha mama ntilie, cha wauza rozari na tasbihi, cha vijana wa mahema ya kukodisha, vyote vinaomba kama biashara, wala dini haitajwi. Pitieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Onyo: parokia au msikiti ukianza kuuza safari za kuzungusha watu vivutioni kwa malipo, hiyo ni biashara ya utalii na ina leseni yake. Kubebana kwenda kusali ni jambo moja, kukusanya nauli ya watu na kuwalipisha ziara ni jambo lingine. Mtafuteni wakala mwenye leseni abebe hiyo sehemu.

## Hatua ya 8: Siku ya hija, mbele ya macho yao

Mwaka ambao bado hamjapata kitu ndo mwaka wa kuonyesha mnaweza kuendesha. Miezi miwili kabla mwandikieni OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) kwa ajili ya ulinzi na magari, mganga mkuu wa wilaya kwa ajili ya kituo cha huduma ya kwanza, na nakala kwa mkuu wa wilaya. Mwalikeni mhandisi wa TARURA, na mkiweza aje na gari lake siku mvua imenyesha. Msimpe kiti cha heshima tu, mtembezeni kwenye lile korongo.

Ndani ya wiki mbili pelekeni ripoti ya ukurasa mmoja kwa kila ofisi mliyoiandikia: waliofika, magari, wagonjwa waliohudumiwa, magari yaliyokwama na wapi. Shukuruni kwa kilichofanyika hata kama ni askari wawili. Kamati chache sana zinarudi kushukuru, na maofisa wanazikumbuka kwa majina.

## Mkijibiwa "kulingana na upatikanaji wa fedha"

Hii barua mtaipata, ipokeeni vizuri. Maana yake ombi limesomwa, lina mwenyewe, ila halikuingia kwenye ukomo wa bajeti wa mwaka huu. Sio hapana. Ndani ya mwezi mmoja nendeni wawili tu, bila msafara, mwulizeni afisa mipango maswali mawili: limebaki namba ngapi kwenye vipaumbele vya kata, na gharama waliyokadiria ni shilingi ngapi. Kama ni kubwa, kateni ombi vipande viwili, kalavati moja mwaka huu, lingine mwakani, mawe na mchanga wa kijiji. Kisha lirudisheni mkutano wa kijiji wa Agosti likiwa na ile kumbukumbu namba ya zamani juu kabisa ya barua, ili faili lifunguliwe palepale lilipofungwa.